Modesti Anastaafu, Upepo Haustaafu

Kosa la wengi wetu ni kudhani kwamba Ndugu Modesti ndiye serikali. Sivyo. Serikali ina ofisi mjini Sumbawanga. Ndugu Modesti ana baiskeli na kopo la grisi. Leo, tarehe 30 Juni 1977, baada ya miaka ishirini na mitatu ya ufundi wa maji, anastaafu.

Alianza na visima vya mkono. Mkoa ulipoleta mitambo ya upepo, akakabidhiwa yeye. Kazi ya mtambo ni rahisi kueleza: upepo huzungusha mapanga, mapanga huinua fimbo, fimbo huvuta maji kisimani. Bila grisi chuma hulia, kisha hugoma.

Mtambo wa kijiji chetu, jirani na Kasense, uligoma mapema. Nasi tuliutunza kwa heshima zote: tuliuzungushia ua, na kuugusa ilikuwa mwiko, maana ni mali ya serikali. Kina mama wakarudi kuteka mtoni. Fundi alipofika, mwenyekiti wetu, Ndugu Marselino, akamlaki: “Tunaomba serikali ituletee upepo mwingine, huu umechoka.” Wakati huo kofia yake, iliyopeperushwa na upepo huohuo, ilikuwa inakimbilia Kirando, ziwani.

“Mkilima ulezi, mnamngoja Bwana Shamba aje na jembe?” Modesti akauliza.

“Hata! Tunapika pombe, tunaitana kulima.”

“Basi pikeni.”

Sharti lake lilikuwa moja: hanywi mtu kabla mtambo haujapakwa grisi. Sijapata kuona watu wazima wakigombea ngazi namna ile. Wala hakuiachia serikali ilale. Fimbo ilipokatika, aliketi kwenye benchi la ofisi ya mkoa mpaka akapewa mpya. Fimbo ni yao, alisema, grisi ni yenu.

Lakini mwenye moyo mwema huzoewa. Taratibu tulimwachia ngazi, sisi tukabaki na pombe. Juma lililopita mkutano uliazimia kuomba tuletewe Modesti mwingine. Mama Epifania akasimama: “Na asipoletwa? Mtoni mtakwenda ninyi, baba zangu?”

Ndugu Modesti, tunakushukuru kwa maji na kwa uvumilivu. Nenda salama kwa mkeo, Mama Albina, mkavune ulezi wenu kwa afya na amani. Magoti yako yasahau ngazi.

Nawe Ndugu Marselino, kopo liko mezani: panda leo ukapake grisi, kabla mtungi wa pombe haujafunguliwa.