Chai ya Mgeni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uliyecheleweshwa na barabara, Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, usiyechelewa kamwe kutoa hukumu, Mchungaji wetu, wazee wangu, shikamooni, ndugu zangu mliopanda kutoka Vuga, na nyinyi nyote mnaonusa pilau tangu asubuhi:

Mimi Esta, muuguzi wenu, leo nastaafu. Mwenyekiti Kornelio ameniomba niseme machache matamu. Basi nitasema juu ya sukari.

Sukari hufikaje kwenye ubongo? Damu huibeba mpaka mishipa myembamba ya kichwani, na katika kuta za mishipa ile wapo wachukuzi wanaoipokea upande huu na kuikabidhi upande wa pili. Misuli hungoja insulini iifungulie mlango, ubongo hauingoji. Lakini wachukuzi hao hawapandishi mzigo mlima. Huitoa sukari ilipo nyingi kuipeleka ilipo kidogo, na damu ikiishiwa, wao husimama mikono mitupu. Na ubongo hauna ghala la maana, hata ubongo wa Mwenyekiti.

Mnamkumbuka Tobia, mwalimu wa kwaya, yule pale aliyekaa na mkewe Klara. Ana kisukari. Siku ya mkutano wa shamba la ujamaa mwaka jana alichoma sindano yake ya insulini asubuhi, akalima matuta na wenzake mpaka jua la utosi. Chakula kilikuwa tayari. Lakini sisi tuna heshima zetu: mgeni hajala, hakuna anayefungua mdomo. Mgeni alikuwa bado yuko njiani kutoka Lushoto, nasi tukangoja. Insulini haikungoja. Iliendelea kuisukuma sukari misulini, damu ikabaki haina cha kuupa ubongo. Tobia akatokwa na jasho baridi, ulimi ukawa mzito, akamwita Mwenyekiti mama mkwe.

Hapo ndipo hekima ya Mwenyekiti wetu ilipong'aa. Alimnusa, asisikie harufu yoyote, akaamua kwamba hiyo ni pombe isiyo na harufu. Nani kati yetu angegundua kinywaji kama hicho? Akaamuru Tobia afungiwe katika stoo ya duka la ushirika, mgeni asije akamwona. Klara akalia kwamba mumewe ni mgonjwa, akaambiwa asitetee ulevi. Na mle stoo mlikuwa na nini? Magunia ya sukari. Mtu anakufa kwa kukosa sukari huku ameegemea sukari! Nami nilipofika, natoka kumzalisha Rehema, nikaomba kijiko kimoja tu, nilijibiwa kwamba ile ni ya chai ya mgeni.

Kufuli nililivunja kwa jembe. Bahati njema Tobia alikuwa bado anaweza kumeza, nikamnywesha maji ya sukari kidogo kidogo mpaka macho yakarudi. Neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Mgeni ameshakula?"

Mlicheka sana. Mimi sikucheka, na leo pia sicheki. Tobia alikuwa na nyimbo zote kichwani, mtoto wa kwaya akikosea ubeti yeye alimwongoza bila kitabu. Sasa kitabu anacho mkononi na ubeti wa tatu bado unampotea. Ubongo ulioachwa na njaa muda mrefu haulipwi fidia na mkutano wowote.

Je, tumejifunza? Nawapongeza kwa msimamo wenu usiotikisika. Leo tena sufuria zimefunikwa. Leo tena Tobia amechoma sindano yake. Na wakati Mwenyekiti akitambulisha wageni, mmoja baada ya mwingine pamoja na dereva, nimemwona Tobia akijifuta jasho kwenye baridi hii yetu, naye kwa heshima amenyamaza.

Zawadi ya kustaafu mliyoniwekea pale mezani kaeni nayo. Yangu naitaka sasa hivi. Klara, mwanangu, simama. Chukua kikombe kile kilicho mbele ya Mheshimiwa, kina sukari ya kutosha, umpe mumeo. Kisha funua sufuria umpakulie. Mwenyekiti, kaa chini. Mheshimiwa hafi kwa kungoja chai. Mimi ni muuguzi, najua.

Kwa masikio mliyonipa, nawashukuru. Kunywa, Tobia.