Muziki Uliokatazwa wa Leonsia Kokuberwa

Ndugu waombolezaji, marehemu aliagiza historia yake isomwe yote, na mimi mdogo wake, Teodora, sitaruka kitu.

Leonsia Kokuberwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 huko Kamachumu, akasoma shule ya wasichana ya misheni, ambako mwalimu wa Kifini, Bi. Helvi, alimfundisha kupiga fidla, akamsimulia na hekaya ya kwao, ya mama aliyechukua reki ya chuma akaikokota ndani ya mto wa wafu, mpaka akapata vipande vya mwili wa mwanawe, akavishona, akamrudishia uhai.

Mwaka 1969 alihitimu ualimu, akapangiwa kazi hapa Mwanza, akaanzisha okestra ya kanisa letu, yenye fidla, sello na tarumbeta, na tarehe 6 Januari 1973 alifunga ndoa na Projest Rweyemamu, wakajaliwa mtoto mmoja tu, Mujuni.

Biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi, kila mwenye fedha alinunua injini ya boti akajiita msafirishaji, na Mzee Maige, mzee wa kanisa hili hili, alikuwa mmoja wao, na tarehe 9 Julai 1994 boti lake lilitoka Kamanga likiwa limejaza watu kupita kiasi, likazama, na Mujuni alikuwa ndani. Dada aliingia ziwani na wavuvi, akashika kamba za nyavu kwa mikono yake hadi mwanawe akapatikana. Mzee Maige hakufika mazishini, ila mwaka huo huo alilinunulia kanisa kinanda cha umeme, akapigiwa makofi.

Ndipo Leonsia akatunga muziki wa okestra kutokana na hekaya ile ya Wafini, ili upigwe katika kumbukumbu ya mwaka mmoja ya Mujuni, lakini Mzee Maige alisimama kwenye baraza la wazee akasema huo ni upagani wa Kizungu, hauingii kanisani, na kwa kuwa sasa tuna kinanda, okestra ivunjwe.

Dada alisimama akasema, "Shikamoo, Mzee Maige. Mama huyu anamtafuta mwanawe majini. Wewe hapo unaogopa upagani, au unaogopa maji?"

Okestra ilivunjwa, fidla za kanisa zikafungiwa stoo zikaliwa na mchwa, na dada akaupiga muziki wake ufukweni Kamanga na wanafunzi wanne waliokubali kufukuzwa kwaya.

Mwaka jana alianza kuugua saratani, na Jumanne, tarehe 15 Septemba 1998, alifariki dunia akiwa ameshikwa mkono na mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Mirongo waliompikia uji, walimu wenzake, na wanafunzi wale wanne, ambao watampigia muziki huo sasa hivi, hapa hapa kaburini. Baraza la wazee hatulishukuru. Shada la Mzee Maige limefika, tumeliacha nje ya geti, na anayeona muziki huu ni upagani akasimame nalo huko.

Pumzika kwa amani, dada yangu. Sisi uliotuacha bado tuna hasira.