Mzee Abdu Alisikia Sawa

Bwana Abdulswamadu Mtoro, ambaye sote tunamwita Mzee Abdu, anastaafu tarehe 30 Juni 2025 baada ya kuitumikia Redio Mikoko ya hapa Kibiti kwa miaka ishirini na miwili. Alianza akiwa fundi mitambo, akawa mtangazaji, na anaondoka akiwa mtunza maktaba ya muziki. Kuhusu hatua hiyo ya mwisho nina la kusema, na haliniletei sifa.

Mzaliwa huyu wa Ruaruke aliajiriwa studio ikiwa chumba kimoja chenye magodoro ukutani ya kuzuia mwangwi. Kila kanda aliisafisha kwa pamba na spiriti, na aliyeingia na maandazi alirudishwa mlangoni, hata akiwa meneja. Mwaka mmoja, akiwa likizo, alipiga simu kutoka shambani kwake Mkongo, alikokuwa akivuna ufuta huku akitusikiliza redioni, kutuambia kwamba mashine ya kanda inakwenda polepole. Tulicheka. Tulipoipima tukakuta mpira wake umelegea.

Kipindi chake cha Jumapili, Kumbukumbu za Bonde, kilisikilizwa hadi Mbwara. Roho ya kipindi ilikuwa Bonde Jazz, bendi ya zamani ambayo harusi za huku haziishi bila nyimbo zake. Mimi sikuipenda. Niliona watu wanaisifu kwa sababu baba zao waliisifu. Basi Septemba 2021 nikaandaa mdahalo wa moja kwa moja hewani: je, Bonde Jazz wanastahili sifa walizo nazo? Mzee Abdu alitetea, mimi nikapinga.

Alitetea kwa kiasi, tofauti na nilivyotarajia. Alikiri kwamba nusu ya nyimbo zao ni za kawaida tu. Sifa yao, alisema, iko kwa mpiga drams: hana papara, anamngoja mwimbaji amalize neno lake. Ndipo nikapiga kanda niliyokuwa nimeiandaa. Drams zilikimbia, tarumbeta zikamfunika mwimbaji, nami nikauliza kama huko nako ndiko kungoja. Mzee akasikiliza kidogo, akasema, "Hawa siyo wao, mwanangu." Nikaisoma lebo hewani, tena taratibu: Bonde Jazz. Nikaikata kanda, nikacheka, na wilaya nzima ikacheka nami.

Sokoni wakaanza kumwita Mzee Siyo Wao. Kwenye harusi moja Ruaruke, mshereheshaji alimwuliza kwenye kipaza sauti kama bwana harusi aliyekaa pale ndiye mwenyewe. Mwezi haukwisha, akamwomba meneja wetu, Bwana Gharibu, amhamishie maktaba. Kipindi chake nikapewa mimi, nami nikakipokea kwa furaha.

Februari mwaka huu tulianza kuhamishia kanda kwenye kompyuta. Ile kanda niliyoipiga kwenye mdahalo niliiacha izunguke hadi mwisho. Mwishoni mtangazaji wa enzi hizo akawashukuru wanamuziki kwa jina: ilikuwa bendi ya wafanyakazi wa kiwanda cha korosho. Nikatafuta kanda yenye lebo ya hao wa kiwandani, nikaipiga. Humo ndimo walimokuwa Bonde Jazz. Lebo zote mbili zilikuwa za mwandiko wangu. Mwaka 2014, wiki yangu ya kwanza kazini, niliangusha boksi la kanda, lebo zikachanika, nikaandika mpya kwa kubahatisha ili nisigombezwe.

Nilimfuata maktaba nikamweleza. Kumbe alijua tangu Jumatatu iliyofuata mdahalo. Alizisikiliza kanda zote mbili, na mwandiko wangu anaujua. Nikamwuliza mbona alinyamaza. Akanikumbusha kwamba mwezi ule mkataba wangu ulikuwa unajadiliwa, na nilikuwa na mtoto mchanga mgongoni. "Ningesema, wangekuuliza wewe," akasema. Nililia, nikamwomba radhi. Akanisamehe palepale, akaendelea kufuta vumbi.

Lakini nilimfedhehesha mbele ya wilaya, nikamwomba radhi mbele ya rafu za kanda. Tangu Februari nalijua hilo na nimekaa kimya. Hata kazi ya kuandika wasifu huu niliiomba mwenyewe ili niyaseme haya, kisha nikaandika rasimu mbili zilizojaa sifa na hazikuyataja. Naona aibu, na aibu yenyewe si ya lebo. Ni ya ile miaka niliyokalia kiti chake nikijiona nimeshinda.

Basi ijulikane: Mzee Abdu alisikia sawa, mimi ndiye niliyekosea. Kuhusu Bonde Jazz, sasa nimewasikiliza wenyewe hasa. Magitaa yao bado naona yanarefushwa mno. Ila yule mpiga drams anangoja, kama alivyosema Mzee. Sifa zao ni za haki.

Siku ya kumuaga, saa nne asubuhi, nitayasoma haya yote hewani, kisha kanda yao itapigwa mpaka mwisho. Lebo mpya ameiandika kwa mkono wake.

Ahsante, Mzee wetu, kwa miaka ishirini na miwili na kwa kunyamaza ambako sikustahili. Mwenyezi Mungu akupe afya, ufuta wako ustawi, na nyumba yako isikose muziki. Na atakayekuita tena Mzee Siyo Wao, mwelekeze kwangu, nimweleze mimi.

Hajira Swalehe
Mtangazaji, Redio Mikoko