Oili ya Shaqra Yachafuka Tena

Mbele ya duka la vipuri la Mufleh, mjini Maan, pale malori ya Barabara ya Jangwani yanapopunguza mwendo, pana kiti kirefu kilichong'olewa kwenye lori lililokufa, na mkabala wake pana ubao uliolazwa juu ya ringi mbili za magurudumu. Hicho ndicho kijiwe cha watu wa dizeli. Ukikaa hapo wiki moja bila kushika spana unaondoka fundi. Ukikaa mwezi, unaondoka unawafundisha waliounda lori. Kahawa ya iliki haikatiki, ubishi haukatiki, na hakuna anayekaa bila kubandikwa jina. Sattam, baba yake Ghalib, aliyeendesha lori miaka thelathini bila kuvuka mwendo wa sitini, wao walimwita Umeme. Asubuhi hiyo Umeme alifika uso umemshuka, kijiti cha kupimia oili kimo mkononi, na hakumtania mtu.

Mufleh mwenye duka alimmiminia finjani. Sattam aliipokea, akaiweka chini mbele ya miguu yake bila kuipeleka mdomoni.

Baraza zima likaigeukia finjani. Mtu akiweka kahawa chini ana haja nzito, na haja ya namna hiyo mwenyeji haikatai kirahisi.

— Kunywa kahawa yako, Abu Ghalib, akasema Mufleh.

— Sinywi mpaka nipewe haja yangu.

— Unamposea mwanao? akadakia Jadaan, ambaye jina lake la kijiweni ni Gazeti, kwa kuwa habari zote anazo, hata zile ambazo hazijatokea. Kama ni binti wa Mufleh sema haraka, wapo wanaomnyemelea.

— We Gazeti, hebu funga kurasa zako. Shida yangu ni lori langu Shaqra. Oili imechafuka tena. Nataka kumfungia filta ya pembeni, na kuchagua nimeshindwa. Kila ninayemuuliza ananipa dini yake. Basi nichagulieni nyinyi, leo hii, kabla ya adhuhuri. Kesho alfajiri naingia kwenye msafara wa kwenda mpaka wa Iraq.

Mufleh alitazama huku na huku, akaona hana njia.

— Umepewa. Kunywa.

Sattam akanywa, na kwa neno lile kijiwe kikafungwa kamba.

Jambo lenyewe halikuwa la mchezo. Shaqra lilikuwa lori la manjano aliloachiwa na baba yake, na katika miaka mitatu injini yake ilikuwa imefunguliwa mara mbili, mara zote kwa sababu ya mchanga kwenye oili. Mara ya pili Umm Ghalib hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya chini kabisa kwamba ikifunguliwa ya tatu, lori litauzwa vyuma chakavu na yeye Sattam atakwenda kulinda kuku kwenye banda la shemeji yake. Sattam alimjua mkewe: akipiga kelele kuna nafuu, akishusha sauti yamekwisha. Na alimjua shemeji yake pia. Aliogopa, wala hakuona haya kuogopa.

Akapitisha kijiti kwa wenzake. Kila mmoja aligusa kwa kidole, akasugua, akakunja uso.

— Umebadilisha lini? akauliza Fawwaz. Huyu ndiye Daktari, fundi mstaafu wa jeshi, mzee wa kuweka sikio kwenye injini na kukutajia ugonjwa. Nusu ya madereva wa barabara ile amewafundisha yeye.

— Siku tisa zilizopita.

— Siku tisa! Huu si mchanga, hili ni jangwa zima la Wadi Rum.

Mufleh alikuwa wa kwanza kuingia ulingoni, maana mali ilikuwa dukani kwake. Alitoka na kopo jeupe refu, lenye mipira miwili ya kupitishia oili, akaliweka juu ya ubao kwa adabu.

— Sikilizeni. Filta kubwa ya injini inapitisha oili yote, tena haraka, ndiyo maana vumbi jembamba linaiponyoka. Hii ya pembeni haina papara. Inachota oili kidogo, inaichuja mpaka inakuwa kama machozi, inairudisha tumboni kwa injini, inachota tena. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba.

— Methali hiyo ni ya kujaza, bwana, akasema Gazeti. Sisi hapa tunataka kupunguza.

— Basi haba na haba hupunguza kibaba! Tatizo lako ni nini?

— Tatizo langu ni hilo kopo lako. Likijaa, Umeme atapata wapi jingine kule jangwani? Mimi nasema anunue ile ya karatasi ya chooni.

— Astaghfirullah, akasema Daktari. Tunakunywa kahawa hapa.

— Cheka tu. Binamu yangu wa Basra anayo. Ni chungu cha chuma. Unakifungua, unashindilia bunda la karatasi ya chooni, ile ile ya nyumbani, unafunga. Oili inapita katikati ya karatasi, uchafu unabaki. Ikichafuka unaingia duka lolote, hata la kijijini, unanunua bunda jingine. Oili yake ni safi, wallahi, siku moja alikaangia mayai.

— Na aliyala?

— Aliyala, na mpaka leo magoti hayamlii.

Sattam aliangua kicheko licha ya dhiki yake. Kisha akakumbuka kuku, kicheko kikamkauka.

— Gazeti, ndugu yangu, karatasi ikilowa na kumeguka njiani? Vipande vikaziba njia ya oili?

— Nunua ile nene. Ya tabaka tatu. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

— Mwana yupi sasa?

— Yeyote! Wewe usibanie karatasi.

Daktari akagonga bakora chini mara mbili, na hiyo ilikuwa ishara kwamba ukweli unakaribia kusemwa.

— Nyamazeni, watoto. Hakuna kopo, hakuna karatasi. Kuna filta ya kuzunguka. Ndani yake mna bakuli linalozungushwa na nguvu ya oili yenyewe, kasi ambayo jicho halioni. Uchafu ni mzito, unarushwa pembeni, unaganda ukutani. Ukifungua unaukwangua kwa kisu. Jeshini tulikuwa na kifaru kimoja, kilikuwa na hiyo. Oili tuliyokitia mwaka wa kwanza ndiyo tuliyokizika nayo.

— Mlizika kifaru?

— Kilikuwa cha heshima.

— Mzee, hizo ni kamba, akasema Mufleh. Na bakuli lako linataka msukumo mkubwa wa oili. Injini ya Shaqra imechoka, itazungusha nini? Itazungusha macho.

— Basi atie sumaku.

— Mchanga na sumaku wapi na wapi?

— Mtovu wa elimu huyu! Mchanga ukishakwangua chuma, chuma kinatoka. Sumaku inakamata chuma, na chuma kinamshika mchanga mkono, wanakuja wote.

— Kama maharusi, akasema Gazeti.

Jua lilipanda, na busara ikashuka. Mufleh alitaka zifungwe filta mbili za pembeni, ya pili ichuje ilichokisahau ya kwanza. Gazeti akasema kama ni hivyo zifungwe tatu, ya tatu iwe inawasimamia hao wawili. Daktari akashauri Shaqra liwe linasafiri usiku tu, kwa kuwa usiku vumbi hulala. Gazeti hakukubali kushindwa. Akaapa kwamba wazee wa Tafila huendesha matrekta kwa mafuta ya zeituni, ambayo hayashikwi na uchafu kwa sababu ni ya mti uliobarikiwa.

— Na ndiyo maana kila kuvuna wanakuja kununua injini kwangu, akasema Mufleh.

— Wivu huo.

Sattam alikuwa akigeuza kichwa toka kwa huyu kwenda kwa yule mpaka shingo ikamuuma. Adhuhuri ilikuwa inasogea. Alikuwa amekuja na filta tatu za kuchagua, sasa alikuwa na saba, pamoja na karatasi na zeituni. Moyoni aliwapenda watu hawa, na moyoni alitamani kuwatosa wote kwenye pipa la oili chafu.

Hapo akafika Zuheir, mwokaji mikate. Alikuwa mtu wa Karak, hajatimiza wiki mbili tangu afungue tanuri pale mtaani, na hata jina la kijiweni alikuwa hajapewa. Alitua sinia la mikate ya moto, Mufleh akampa finjani, akakaa ncha ya ubao kwa haya ya ugeni. Alisikiliza raundi nzima: kopo, karatasi, bakuli, sumaku. Kisha akajikohoza.

— Samahanini, wazee wangu. Mimi injini naijua kwa mlio tu. Lakini huo mchanga, unaingilia wapi?

Mufleh alikuwa akimimina kahawa, akaendelea kumimina mpaka ikafurika finjani.

— Unaingilia wapi vipi? akauliza Gazeti. Huoni jangwa lote hili?

— Jangwa nimeliona. Lakini si liko nje? Na injini si imefungwa?

— Imefungwa, akasema Daktari.

— Sasa?

Gazeti, ambaye hajawahi kukosa habari tangu azaliwe, alichukua mkate akautia mdomoni mzima mzima.

— Msinielewe vibaya, akaendelea Zuheir. Mimi kule tanurini nikikuta mchanga kwenye unga, sikimbilii kununua chekeche la pili. Naanza kuangalia gunia limetoboka wapi.

— Mgeni njoo mwenyeji apone, akasema Mufleh polepole.

— Mwenyeji haumwi! akafoka Daktari. Kijana, injini inavuta hewa. Hewa inapita kwenye filta ya hewa. Na filta ya hewa ya Umeme ni safi, mimi shahidi.

— Wallahi ni safi, akasema Sattam. Naitunza kuliko meno yangu. Kila asubuhi naichomoa, naikung'uta kwenye tairi mara arobaini kama alivyonifundisha Daktari, halafu naipuliza kwa kompresa. Haibaki na chembe.

— Mara arobaini, akasema Zuheir. Ni ya nini? Chuma?

— Karatasi.

Mwokaji aliomba tu, kwa upole, aione.

Wakavuka wote hadi lilipoegeshwa Shaqra. Sattam alifungua bomba la filta, akaichomoa, pipa la karatasi iliyokunjwa mikunjo, akampa. Zuheir aliinua kuelekea jua, akachungulia kwa ndani jinsi anavyochungulia chekeche lake.

— Wazee wangu, akasema, mimi naona mnara wa msikiti.

Gazeti akampokonya.

— Kweli! Na mbuzi wa Abu Hamda anakula boksi!

Mufleh akachungulia, akairudisha. Sattam alipoweka jicho, aliona vitobo vidogo vidogo kwenye kila mkunjo, pale ambapo karatasi ilikuwa imepigwa na kupulizwa, asubuhi baada ya asubuhi. Zile mara mbili za kufungua injini zikampita mbele ya macho. Ringi za pistoni zilizolika, wiki za kukaa nyumbani, sauti ya chini ya Umm Ghalib. Hasira ilimpanda, akamgeukia Daktari ili amwambie maneno ambayo hayarudi.

Mzee alikuwa ameshika filta kwa mikono miwili.

— Za jeshini zilikuwa za waya, akasema. Tulikuwa tunazikung'uta, tunaziosha, tunazirudisha. Zilikuwa za waya, Abu Ghalib. Hizi za karatasi zilipokuja, mimi nilikuwa nimeshastaafu. Sikumuuliza mtu. Niliona haya kuuliza.

Hasira ya Sattam ikakosa pa kutua. Alimwona mtu aliyemfundisha kwa mapenzi, bure, tangu ndevu za Sattam zikiwa nyeusi, na huruma ikamshinda.

— Mimi pia sikuuliza, akasema. Nilihesabu tu mpaka arobaini.

Kisha akamgeukia Mufleh.

— Nipe filta mpya ya hewa.

— Sina.

— Huna? Duka zima hili?

— Miaka minne sijauza hata moja, nikaacha kuziagiza. Nani anunue? Nyote mnakung'uta.

— Na ile haja uliyompa? akauliza Gazeti. Amekunywa kahawa ujue. Ulimwahidi kumchagulia filta ya pembeni.

— Hiyo nitafunga nikirudi, akasema Sattam. Nikishaziba mlango, nitaleta wa kufagia. Piga simu Amman, Mufleh, ije na basi la mchana. Nitaifunga jioni, na alfajiri nitakuwa kwenye msafara.

Mufleh akatoa simu. Wakati huohuo, upande wa pili wa barabara, pale yanapopangwa malori ya msafara, wakasikia pa, pa, pa. Dereva mmoja alikuwa ameshika filta yake akiipigiza kwenye tairi. Wa pili yake akaanza. Na wa tatu, kwa mpigo uleule, kwa mkono uleule wa Daktari.

Mzee aliichukua bakora yake. Hakuaga. Alivuka barabara huku lori la fosfati likimpigia honi, akafika kwa dereva wa kwanza, akamkamata mkono ukiwa bado hewani. Kutoka dukani hawakusikia alichosema. Walimwona tu akiinua filta kuelekea jua, na dereva akiinama kuchungulia, kisha akikaa chini kwenye ngazi ya lori lake.

Daktari akaenda kwa wa pili.

— Wamepokea, akasema Mufleh, simu ameiziba kwa mkono. Wanauliza ngapi.

Sattam aliyahesabu malori kwa kidole, toka la kwanza hadi la mwisho, akajumlisha na lake.

— Waambie kumi na mbili.