Nesi Mmoja, Njia Mbili

Mbele yangu kwenye basi walikaa fundi bomba na mama mshonaji, watu wasiojuana. Hatujafika mbali wakagundua kwamba wana nesi mmoja, yule mwenye sweta la kijani anayewaongoza wagonjwa wa saratani kutoka mlango hadi mlango pale hospitalini. "Mke wangu alipasuliwa titi kwanza," alisema fundi. "Leo nafuata tarehe yake ya dripu ya dawa za saratani."

Mama akageuka mzima mzima. "Mimi naanza na dripu leo, kisu baadaye. Nesi kasema ndivyo inavyotakiwa."

"Basi wewe ndiye uliyepelekwa sawa, dada. Bomba likivuja, unafunga maji kwanza ndipo unakata."

"Kaka, mimi nashona. Usipokata kwanza, hushoni kitu. Mkeo ndiye aliyepatia."

Sijawahi kusikia watu wakigombana kwa kupeana haki namna ile. Nilitaka kuingilia, nikakumbuka kwamba mimi nauza viatu.

"Au katuchanganya?" mama aliuliza kwa sauti ya chini. "Wagonjwa wote wale, nesi mmoja." Fundi aliikumbatia tu bahasha ya picha za eksirei za mkewe.

Basi likasimama. Langoni mwa hospitali lilionekana sweta la kijani, na mkono ukapungwa.

"Anakuita wewe," alisema fundi.

"Mimi? Si wewe huyo?"

Wakabaki mlangoni, kila mmoja akimpisha mwenzake, mpaka kondakta akawauliza kama wanashuka au wanaendelea.