Valeriani Margwe na Vitu vya Watu

Kabla udongo haujamfunika Valeriani Baha Margwe, familia inaomba mzisikilize habari zake kutoka kwa walioishi naye. Nyumba yake ilijaa vitu, na kuhusu vitu hivyo yalisemwa mengi ambayo mwenyewe hakupenda kuyajibu.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1931 Endamarariek, mtoto wa tatu kati ya watano wa Mzee Baha Margwe na Mama Elizabeti. Mama yake alisimulia kwamba akiwa na miaka sita alikililia kibuyu cha maziwa kilichopasuka kisitupwe, akakishona kwa uzi wa kano. Kilivuja, lakini kilitumika miaka mingi kuwekea mbegu.

Alianza shule ya misheni mwaka 1940, akamaliza darasa la nane Mbulu mwaka 1948. Alisifiwa kwa mwandiko, na mwandiko huo ndio uliompatia kazi. Agosti 1951 aliajiriwa kuwa karani wa stoo katika kambi ya mafundi wa barabara ya Karatu hadi Ngorongoro, akastaafu Juni 1981. Katika stoo yake kila sururu na kila jeki ilifungiwa kipande cha kadi chenye jina la aliyeileta na tarehe. Kwa miaka thelathini hakikupotea kifaa hata kimoja.

Tarehe 14 Julai 1956 alifunga ndoa na Germana Tluway, mwalimu wa shule ya msingi, huko Karatu. Walijaliwa watoto wanne. Chumba kimoja cha nyumba yao kilijaa tangu mwanzo: mapipa, taa zisizo na chemni, fremu za baiskeli, na bawaba za milango debe zima. Mkewe alipolalamika, mazungumzo yalikuwa yale yale.

"Mama Hyasinta, vitu hivi vinasubiri."

"Vinasubiri nini, Baba Hyasinta? Panya watandikiwe vitanda?"

"Vinasubiri wenyewe."

Jibu hilo lilikuwa la kweli kwa sehemu. Mapipa na bawaba vilikuwa vyake, na familia haikatai kwamba vilizidi. Lakini vingi viliachwa na watu waliohamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, wakiahidi kuvirudia. Mwaka 1975 Olais Sakaya, rafiki aliyekuwa akiwaletea maziwa kambini, alihamishwa pamoja na jamaa zake kutoka ndani ya kreta ya Ngorongoro. Alimwachia Valeriani kigoda cha marehemu baba yake mpaka apate pa kukaa. Nacho kilifungiwa kadi, kama kambini.

Aprili 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, ulivuma uvumi kwamba kwa Valeriani kuna chumba kisichofunguliwa, kwa hiyo kuna sukari. Hapakuwa na sukari. Lakini mkewe, aliyekuwa amefundisha nusu ya vijana wa hapa, hakutaka nyumba yake itajwe pamoja na walanguzi. Siku Valeriani alipokwenda mnadani, mkewe aliwaita vijana, wakapakia vitu vyote kwenye mkokoteni wa punda na kuvitupa korongoni. Wakaguzi hawakuja.

Valeriani aliporudi hakupaza sauti. Aliuliza tu, "Na vya watu pia?" Kisha akachukua kamba. Kwa siku nne, akiwa mtu wa miaka hamsini na miwili, alishuka na kupanda lile korongo mbele ya majirani waliomcheka.

"Mzee Valeriani, umegundua madini?"

"Natafuta mali ya watu. Shuka ushike upande ule."

Wawili walishuka. Vitu vyake mwenyewe aliviacha huko chini, hata zile bawaba. Vya watu alivipandisha vyote, isipokuwa taa mbili zilizovunjika. Wenye taa hizo aliwafuata kwa miguu, akawaambia ana kwa ana. Hakuwahi kumtaja mkewe.

Mwaka uliofuata chumba kilikuwa kimejaa tena.

Februari 1988 miguu yake ilianza kuvimba na pumzi kumpungua. Madaktari walisema ni moyo. Akiwa kitandani alianza kuvigawa vitu vyake, na haikuwa kazi nyepesi. Mdogo wake Patrisi, anayewasomea maneno haya, alipewa fremu ya baiskeli Jumatatu, Jumatano aliombwa airudishe "niiangalie kidogo." Vya watu alivitoa bila kusita. Alichoogopa ni kufa kabla wenyewe hawajafika, kwa hiyo alituma salamu kwa wachuuzi wa ng'ombe hadi Malambo na Piyaya.

Olais alifika kutoka Malambo tarehe 20 Septemba.

"Niliambiwa Valeriani ametupa vitu vyote korongoni," alisema. "Nikasema, Valeriani? Hapana. Labda mkewe."

Valeriani alicheka mpaka akakohoa. Mkewe, aliyekuwa akimnywesha uji, alikiri kwamba ndivyo ilivyokuwa. Kigoda kikaletwa, na kadi yake ikasomwa: "Olais Sakaya, 11 Mei 1975. Atarudi." Olais alikikalia kando ya kitanda mpaka jioni, wakizungumza habari za mvua na ng'ombe.

Valeriani alifariki nyumbani kwake Jumapili tarehe 9 Oktoba 1988, saa mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba. Ameacha mjane, Mwalimu Germana, watoto Hyasinta, Yohani, Josephati na Lusia, wajukuu saba, mdogo wake Patrisi na dada zake wawili.

Ni desturi msibani kuuliza kama kuna mtu mwenye chake kwa marehemu. Familia inauliza bila wasiwasi. Kimebaki kitu kimoja tu: sanduku la bati la marehemu Mama Naserian wa Piyaya, ambaye ndugu zake hawajapatikana. Halijafunguliwa. Kadi yake ilikuwa imechakaa, na juzi Mwalimu Germana aliiandika upya kwa mkono wake. Atalitunza mpaka aje mtu wa ukoo huo, na kama yeye atatangulia, Hyasinta ameshaonyeshwa lilipo.

Pumzika kwa amani, Baba Hyasinta. Sanduku tunalo.