Mama wa Karatasi za Kufungia: Wasifu wa Marehemu Enesi Osea Kibona (1955–2025)

Mchungaji, ndugu waombolezaji, majirani wa Mpemba, wenzetu wa sokoni Tunduma, na ninyi mliovuka mpaka asubuhi hii kutoka Nakonde: poleni sana. Ninayesoma ni Tupokigwe, mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa mama yetu. Kikao cha familia kilitaka asome mtu mwenye sauti ya upole. Wenye sauti ya upole wote wanalia, kwa hiyo mtanivumilia.

Enesi Osea Kibona alizaliwa tarehe 14 Machi 1955 katika kijiji cha Ibaba, Bundali, wilayani Ileje. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watoto sita wa Mzee Osea Kibona na mama Roda. Mama alituambia kwamba Enesi alichelewa kusema lakini aliwahi kutazama; ukimpa kitu alikigeuza pande zote kabla ya kukitia mdomoni. Alibatizwa mwaka huohuo na kupata kipaimara mwaka 1970.

Alisoma shule ya misheni ya kijijini kuanzia mwaka 1963 hadi 1969 na kumaliza darasa la saba. Alifaulu, ila baba alikuwa na uwezo wa kumsomesha mtoto mmoja tu mbele, akaenda kaka. Dada hakununa, au kama alinuna alinunia kisimani ambako hatukumwona. Alichofanya ni kusoma kila kilichokuwa na maandishi pale nyumbani: mfuko wa mbolea, kiberiti, kopo la maziwa ya mtoto. Lebo ya kopo aliilowesha kwa maji ya uvuguvugu mpaka ikabanduka yenyewe, akaianika kwenye ukuta wa jiko. Baba alisema mtoto huyu atakuja kuolewa na duka.

Hakuolewa na duka. Tarehe 6 Oktoba 1979 alifunga ndoa takatifu na Joshua Simbeye wa hapa Mpemba, fundi wa reli, mtu mtaratibu aliyekula polepole kuliko binadamu wote niliowajua. Wakahamia Tunduma. Shemeji Joshua alitutoka tarehe 2 Agosti 2009, na kaburi lake mnaliona hapo.

Mtoto wao wa kwanza, Fides, alizaliwa tarehe 20 Februari 1981. Tarehe 11 Mei 1984 alifariki kwa surua. Picha yake haipo hata moja. Mpiga picha alikuwa akija Tunduma mara chache, na siku aliyopita mtaani kwao Fides alikuwa na homa, dada akasema atamsubiri safari nyingine. Kitu pekee chenye jina la mtoto yule kilikuwa kadi yake ya kliniki, yenye mwandiko wa muuguzi na nukta za uzito zikipanda mwezi kwa mwezi.

Sasa, wote hapa mnajua desturi yetu. Tukimaliza kumzika mtoto mdogo, akina mama huingia ndani wakaondoa vitu vyake, nguo, kikombe, mkeka, ili mzazi asiendelee kuvitazama. Walifanya hivyo kwa upendo, na dada mwenyewe hakuwahi kumlaumu mtu. Lakini chini ya godoro kulikuwa na bahasha ya karatasi, na kadi ilikuwa ndani yake. Bahasha ikatoka pamoja na magazeti ya kuukuu, magazeti yakauzwa kwa kilo sokoni, ya kufungia karanga na maandazi. Dada alipoinuka kitandani na kuuliza, karanga za watu zilikuwa zimeshafungwa.

Hapo ndipo ilipoanza kazi yake. Enesi alifungua biashara ya karanga za kukaanga karibu na stendi, naye akawa ananunua karatasi za kufungia nyingi kuliko karanga alizokuwa nazo. Kila mzigo aliupekua karatasi moja moja. Kadi ya Fides hakuipata. Alipata za watu wengine: stakabadhi za ushirika wa kahawa, tiketi za mabasi ambayo hayapo tena, kadi za harusi, kalenda, bahasha za sadaka, ripoti za shule, lebo za sabuni na za bia kutoka Zambia. Akashindwa kufungia karanga ndani yake. Aliniambia, "Tupo, kila moja ina mtu anayeitafuta." Karanga akawa anazipima kwenye mikono ya wateja, na wateja wakalalamika.

Msifikiri ilikuwa huzuni tupu. Ilimfurahisha, jamani. Karatasi yenye mafuta aliinyunyizia unga wa mahindi, akauacha unywe mafuta, kisha akainyoosha kwa pasi ya mkaa iliyoanza kupoa, juu ya kanga. Alipoifikisha kwenye mwanga na kuona muhuri umetokea vizuri, alicheka peke yake kama amesikia umbea. Jumapili baada ya ibada alitandika mkeka uani akazipanga zote, na mlango ukawa wazi kwa kila mtu. Watu walikuja kutazama nauli za zamani na kubishana basi lipi lilikuwa na honi ipi. Mama Mulenga alivuka kutoka Nakonde na mfuko wake wa karatasi za kwao, wakabadilishana kama watoto wanavyobadilishana gololi. Akipewa lebo aliyoikosa alishukuru kwa Kibemba, "Natotela sana, bamayo," na kukaa mpaka chai ya pili.

Mzee Jonasi, mzee wa kanisa, aliletewa hapo ripoti yake ya darasa la nne. Kwa miaka yote amewahubiria wajukuu wake kuhusu kuwahi shule. Ripoti ilisema: "Ana akili lakini ni mtoro sugu." Akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni, akaomba isitajwe. Yuko mstari wa mbele, msimtazame.

Na alikuja Felix, mchimbaji wa dhahabu wa Saza. Dada alikuwa amepata stakabadhi ya kahawa ya mwaka 1988 yenye jina la baba yake Felix, mkulima wa Mbozi aliyefariki mwanawe akiwa tumboni. Akatuma habari kwa makondakta mpaka zikamfikia. Kijana alifika kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Dada akampa maji kwanza, kisha karatasi. Felix akaweka kidole kwenye saini, asikiondoe. Akauliza, "Kwa hiyo mzee alijua kuandika?" Dada akamjibu, "Alijua, mwanangu, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wako." Nilikuwepo. Alipoondoka, dada aliingia chumbani akalia, na nilijua anamlilia nani.

Mwaka 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, kila muuzaji alirudi kwenye karatasi, na dada akahangaika kweli. Alizunguka sokoni akibadilisha magazeti ya juzi kwa karatasi za zamani. Wengine walimwona amechanganyikiwa. Hakuwa amechanganyikiwa. Alikuwa mwanamke aliyejua karatasi inavyopotea.

Marehemu alisumbuliwa na presha kwa muda mrefu. Februari 2024 alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea. Alitibiwa Tunduma na Mbeya, na tunawashukuru wote waliomhudumia. Aliendelea kupekua kwa mkono wa kushoto, nami nikimshikia karatasi zisiruke. Mwezi Agosti mwaka huu hali ilibadilika, akakataa kula, akawa analala zaidi. Mchana mmoja nilikuwa nikimfuta uso, akaniita.

"Tupo, mkishanizika mtaondoa vitu?"

"Ndivyo ilivyo, dada."

"Sawa. Karatasi wapeni watu. Zisirudi sokoni." Akapumzika kidogo. "Na Fides mwandikeni."

"Tumwandike wapi?"

"Kwenye karatasi ya kwangu. Nikikaa kimya na yeye atakuwa hakuzaliwa."

Nikamwahidi. Enesi alifariki nyumbani kwake Tunduma tarehe 9 Septemba 2025 alfajiri, mikononi mwa binti yake Tumpale. Alikuwa na umri wa miaka sabini.

Juzi kikao kilikaa kuandika wasifu huu. Wakaandika: "Marehemu alijaliwa watoto watatu." Nikasema ni wanne. Shemeji Abrahamu, msemaji wa familia, mtu ninayemheshimu, akaniambia mtoto aliyekufa mdogo haandikwi. Ni zaidi ya miaka arobaini, nusu ya waliokaa pale hawakumjua. "Shemeji," akasema, "usituletee msiba wa zamani ndani ya msiba mpya."

Nikamjibu, "Shemeji, ni msiba uleule."

Wakaanza kusema wote kwa pamoja, na mimi sikubaki nyuma. Wengine walisema nakala zimeshapelekwa stationari, zikisubiri kuchapwa. Kisha Gwalugano, mtoto wa marehemu, akasema: "Mimi ni wa pili. Nimezaliwa nikamkuta dada. Mkiandika watatu, mimi nakuwa wa kwanza; mama aliniambia wa pili, na mama hakuwa mwongo." Shemeji Abrahamu mwenyewe akainuka, akachukua pikipiki, akaenda kuisimamisha mashine.

Kwa hiyo tazameni mlichoshika mkononi. Marehemu Enesi alijaliwa watoto wanne: Fides, Gwalugano, Tumpale na Wiliam. Ameacha watoto watatu, wajukuu tisa, kitukuu mmoja, kaka mmoja na mimi mdogo wake. Karatasi zake ziko kwenye meza pale penye turubai. Jumapili hii, baada ya ibada, mkeka utatandikwa uani kama kawaida, kila mmoja aje achukue iliyo ya kwake.

Neno la mwisho. Kwetu mama huitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Baada ya mwaka 1984 majirani wakaanza kumwita Mama Gwalugano, kwa huruma, wasimtoneshe. Aliitika, miaka yote hiyo. Sijawahi kumsikia akiitika haraka.

Jina lako la kwanza limechapwa, dada, nakala mia tatu. Mungu akupe mapumziko, na mwanao yupo hapo pembeni yako. Lala salama, Mama Fides.